Uzinduzi wa Barafu Bulla Siigo

(Hotuba ya Daktari Muse Dubow, Mratibu Mkuu wa Ubaridi na Vinywaji vya Ustawi, iliyotolewa katika soko la maziwa la Bulla Siigo, nje kidogo ya mji wa Garissa, jua likielekea utosini. Mbele ya jukwaa pamesimamishwa kitu kikubwa kilichofunikwa turubai la kijani na kufungwa utepe. Kando yake, mitungi ya maziwa ya ngamia imepangwa kwenye kivuli cha gari la mheshimiwa.)

Assalamu aleikum warahmatullahi wabarakatuh. (Waaleikum salam.) Hiyo ilikuwa ya watu wa hemani, sasa nataka na wale wa juani waisikie. Assalamu aleikum! (Waaleikum salam, kwa sauti ya watu wenye kiu.)

Mgeni wa Heshima, ambaye amebanwa na majukumu ya kitaifa na akanituma mimi nimwakilishe, hivyo basi ninajisalimia kwa niaba yake na kujiitikia kwa niaba yangu, wakuu wa idara zote za ukanda huu, kuanzia hapa Garissa hadi Elwak na Banissa, mliofika na mlioahidi kufika, wazee wa amani, Sheikh Adow, imamu wetu, uliyetufungulia kwa dua fupi kuliko tulivyoipangia kwenye ratiba, maafisa wa usalama, na maafisa mnaowalinda maafisa wa usalama, stekiholda, wadau, ambao ni stekiholda wasiopata viti, wafanyabiashara mliotoka Hagadera kwa mikokoteni yenu ya punda, na kina mama wauza maziwa mkiongozwa na mwenyekiti wenu, eeddo Abshiro, shangazi yetu sote, ambao mko chini kabisa kwenye itifaki lakini juu kabisa moyoni mwangu: mabibi na mabwana, hamjambo? (Hatujambo.) Kama nimemsahau mtu, basi ajue amesahauliwa kwa heshima zote.

Mabibi na mabwana, siku ya leo itaandikwa. Sijui itaandikwa wapi, hilo liko chini ya idara nyingine, lakini itaandikwa. Kwa muda mrefu kina mama wa Bulla Siigo wamekuwa wakikamua ngamia wao jioni, wanafukiza mitungi yao kwa moshi wa kuni ili maziwa yapate ile harufu tunayoipenda sote, wanaamka na alfajiri, wanapakia basi la Nairobi, na wanaomba Mungu maziwa yafike Eastleigh kabla hayajachacha. Wanaomba Mungu! Katika karne hii ya teknolojia, serikali ikiwepo, mimi nikiwepo, mama anamwomba Mungu habari ya ubaridi! (Sheikh Adow akohoa.) Si kwamba ni vibaya kumwomba Mungu, Sheikh. Nasema tu kwamba ofisi yangu ilijisikia imerukwa.

Ndipo eeddo Abshiro akaja ofisini kwangu. Alikaa kwenye benchi siku nzima, kwa sababu nilikuwa kwenye semina ya kupunguza foleni ofisini. Nilipotoka akaniambia maneno machache, maana yeye si mtu wa maneno mengi, hajapata bahati ya kusoma kama mimi. Alisema, "Walaal, ndugu yangu, sisi nataka mashine ya barafu tu." Nami nikamwambia, eeddo, wewe unataka mashine, mimi nitakupa fremuweki. (Makofi kutoka hemani.) Kwa sababu mashine inaharibika, mabibi na mabwana, lakini fremuweki haina hata waya wa kukatika.

(Eeddo Abshiro ainua mkono.)

Maswali ni mwishoni, eeddo. Hiyo ni kanuni ya mikutano duniani kote.

(Abshiro, akiwa bado ameinua mkono: "Si swali. Gari ya sbika ilibita jana ikasema basi ya asubuhi tuache iende, masiwa tulete hapa ibate baridi. Basi imeenda. Masiwa iko hapa. Baridi iko wabi?")

Ahsante sana kwa mchango huo mzuri, ambao umechukuliwa. Ni kweli gari la vipaza sauti lilipita, nami nalipongeza kwa kupita, maana kuna maeneo halikupita kabisa. Tulisema leteni maziwa, mkaleta. Mwitikio huo wa wananchi ni asilimia mia moja na kitu, jambo ambalo wataalamu wetu wa takwimu walisema haliwezekani, mkaliwezesha. Jipigieni makofi. (Makofi machache. Wanawake wawili wasogeza mitungi kufuata kivuli cha gari.) Na mnaona jinsi ofisi yangu ilivyojiandaa: gari langu la kazi limesimamishwa pale makusudi, likiwa hatua ya mpito ya ubaridi. Dereva aliniuliza, mheshimiwa, niliegeshe chini ya mti? Nikamwambia hapana, kivuli cha serikali ni cha wananchi.

Sasa nieleze tulikotoka. Mtu hawezi kuanzisha mradi wa barafu bila kujifunza kwa walioendelea. Kwa hiyo tulifunga safari ya benchimaki, mimi na kamati ndogo ya watu wengi, tukaenda kwenye kisiwa kimoja cha mbali sana, baharini huko, kujifunza jinsi wenzetu wanavyopoza maziwa ya ngamia. Tulipofika tuliarifiwa kwamba kisiwa hicho hakina ngamia. (Kicheko nyuma.) Msicheke. Hilo lenyewe ni tokeo la utafiti. Kiongozi mwingine angekata tamaa akarudi nyumbani. Sisi tulikaa mpaka mwisho wa safari tukijiuliza: hawa watu hawana ngamia, lakini barafu wanayo, basi barafu yao wanaifanyia nini?

Jibu tulilipata hotelini. Wanaitia kwenye bilauri ndefu, nyembamba, ndefu namna hii (aonyesha kwa mikono), wanaiita haiboli. Ndani yake wanatia soda ya tangawizi, ile kali inayopanda puani, wanakamulia ndimu, na wanatia pia ramu, ambayo ni pombe ya miwa. (Minong'ono. Sheikh Adow aweka tasbihi chini.) Sheikh, subiri. Mimi ramu sikuionja. Niliisimamia. Nilikaa karibu na wanaoionja kila jioni kwa ajili ya uangalizi na tathmini, na kwa uchungu mkubwa nikaona hawa watu wamekosea mahali padogo tu. Tangawizi ni yetu. Nani hapa anakunywa chai bila tangawizi? Ndimu ni yetu. Barafu itakuwa yetu. Kilichobaki ni ile ramu, na hapo ndipo ubunifu wa kiafrika ulipoingia. Nilisimama saa nane za mchana, kando ya bwawa la kuogelea, nikawaambia wanakamati wenzangu: toeni ramu, tieni shaah rinji!

(Mzee mmoja auliza: "Chai ya rangi?")

Chai ya rangi, mzee wangu! Chai kavu ile ile unayokunywa kila siku, na iliki yake na mdalasini wake, imepoa. Rangi ni ile ile ya ramu, hadhi ni ile ile, dhambi hamna. Ndiyo nikaja na mradi huu mpana uitwao Haiboli Halali kwa Kila Boma, ambao ndani yake, katika feizi ya mwisho kabisa, ndimo yanamopatikana maziwa ya eeddo Abshiro.

(Abshiro: "Ya mwisho?")

Ya mwisho, eeddo, kwa sababu tunaijenga nyumba kuanzia sebuleni. Sikiliza utaratibu. Maziwa yakishapoa yanakuwa kinywaji baridi. Vinywaji baridi viko chini ya kitengo cha ukarimu. Kitengo cha ukarimu hakiruhusiwi kugusa mifugo. Kwa hiyo lazima kwanza wananchi wawe na utamaduni wa kinywaji baridi, ndipo mahitaji ya barafu yapande, ndipo mtambo uje, ndipo maziwa yapoe. Hiyo ndiyo rodimapu. Nilipoieleza kwenye semina, watu wawili walilia.

Naona mama Deka pale, mwenye buibui la kahawia. Simama mama Deka, watu wakuone. (Deka asimama, ameushika mtungi wake.) Mama huyu, mabibi na mabwana, ukame ulimwachia ngamia mmoja tu anayekamuliwa. Mmoja! Na leo ni mara yake ya kwanza kuleta maziwa sokoni tangu ajiunge na chama cha wauza maziwa. Aliniambia asubuhi nilipokuwa nateremka garini kwamba ameyaleta kwa sababu alisikia barafu ni ya serikali. Mnaona imani hiyo? Kaa, mama Deka. Wewe ndiye sura ya mradi huu. Tulikupiga picha ulipokuwa hujui.

(Kishindo kidogo: kifuniko cha mtungi mmoja chafyatuka chenyewe na kuangukia mchangani. Askari mmoja ainama.)

Tulieni! Hiyo ni shangwe tu. Hata mitungi inashangilia.

(Abshiro: "Mitungi inachacha, walaal. Hiyo ni ya jana jioni. Asli wa Eastleigh ameningoja stendi leo, mimi sikubeleka. Kesho atanunua kwa mtu mwingine, na keshokutwa atasahau jina yangu.")

Uchungu wako nimeusikia, eeddo, na ofisi yangu inausikia hata wakati wa mapumziko ya mchana. Ndiyo maana sitaki niseme maneno matupu. Nataka nionyeshe. Shuaib! Msaidizi wangu maalumu, leta vifaa.

(Shuaib aleta meza yenye kitambaa cheupe, bilauri ndefu, birika, chupa za soda ya tangawizi, ndimu, kijiko chenye mpini mrefu, na ndoo ya barafu inayotoa moshi mwembamba wa baridi. Watu wote wa juani wasimama.)

Kaeni, kaeni, hii ni barafu ya maonyesho. Sasa, somo hili kila mama atalifanya nyumbani kwake, hata kama ni kwenye herio, nyumba zetu za mikeka, alimradi iwe na friji. Kwanza unachukua bilauri ndefu. Kikombe hakifai, kikombe ni cha fikra za zamani. Unaijaza barafu, unaijaza mpaka juu kabisa, usione huruma. (Aijaza bilauri, vipande viwili vyaanguka mchangani na kuyeyuka papo hapo.) Wengi hukosea hapa. Wanatia vipande viwili vitatu kwa ubahili, inayeyuka upesi, kinywaji kinakuwa maji. Barafu ikiwa nyingi inashikana yenyewe kwa yenyewe, baridi inakaa. Hiyo ni sayansi.

(Abshiro: "Hata masiwa ni hivyo hivyo.")

Kwa hiyo tunakubaliana! Ahsante eeddo. Halafu unakata ndimu, unakamulia nusu. Unatia shaah rinji, kiasi cha vidole viwili hivi kwenye bilauri. Pale ng'ambo vidole hivi viwili ndivyo vya ramu, na mara nyingine, mtengenezaji akikuzoea, ni vitatu. (Sheikh Adow: "Akikuzoea nani?") Akimzoea mtu, Sheikh, mtu yeyote, mfano. Kisha unafungua soda ya tangawizi, hufungui mapema ikakata gesi, unamimina taratibu ukiinamisha bilauri hivi, inapanda, inapanda, unasimama. Unakoroga mara moja tu. Ukikoroga sana unaua mapovu, na mtu akikuona anajua wewe ni mgeni kaunta. Namaliza kwa kipande cha ndimu ukingoni, kwa heshima. Tazameni! (Aiinua juani. Maji yatiririka nje ya bilauri mpaka kwenye mkono wa koti lake.) Hata bilauri inatoka jasho kwa kazi!

Sheikh Adow, kwa mila zetu mgeni hanywi kabla ya mwenyeji, na mwenyeji wetu ni wewe. Onja, utupe uamuzi.

(Sheikh Adow anusa kwanza, kwa muda mrefu. Asema bismillahi, anywa kidogo, arudisha bilauri. "Halali," asema. Makofi hemani. "Lakini hii ni chai mtu aliisahau." Kicheko kikubwa juani.)

Mmesikia wenyewe: halali! Nukuu hiyo waandishi wa habari mwishie hapo hapo. (Anywa bilauri yote mpaka chini, kwa pumzi moja, afuta midomo.) Aaah. Jamani, jua hili! Shuaib, nitengenezee nyingine, nimefundisha mpaka koo limekauka.

Nikirudi kwenye mambo mazito. Katika kipindi changu ofisini nimesimamia mikutano ya ubaridi zaidi ya wote walionitangulia, ambao ni rahisi kuwahesabu kwa sababu ofisi hii ilianza na mimi. Tumeunda kamati ya barafu ngumu na kamati ya barafu iliyopondwa. Tumetoa mafunzo kwa vijana, ambao sasa wanaweza kuitambua barafu kwa macho. Tumechapisha fulana, na nasikitika kwamba zimetoka za ukubwa wa familia yangu tu. Na tumeleta hiki (agonga turubai la kijani, latoa mlio mtupu). Mnasikia mlio huo? Huo ni mlio wa uwezo!

(Vifuniko viwili vyafyatuka. Harufu kali yaanza kupanda. Mwanamke mmoja achovya kidole mtungini mwake, aonja, aufunga kimya kimya na kuketi juu yake.)

Naomba tusivunjane moyo. Maziwa yakichacha si mwisho wa dunia, yanakuwa suusaac, tunayanywa sote, mimi mwenyewe nimekua kwa suusaac. (Abshiro: "Suusaac tunakunywa nyumbani. Mteja Nairobi nataka freshi.") Basi tubadilishe mteja! Huo ndio ujasiriamali.

Sasa nafika kwenye tendo lenyewe. Kwa mamlaka niliyopewa, na mengine ambayo bado naomba nipewe, nakata utepe huu na kutangaza rasmi kwamba mtambo wa barafu wa Bulla Siigo umezinduliwa! (Akata utepe. Makofi. Watu wa juani wanyosha shingo. Turubai labaki palepale.) Turubai halitaondolewa leo, kwa sababu za kiusalama na za upepo.

Tuimbe kauli mbiu yetu tufunge. Nikisema "Tangawizi", mnasema "Juu". Nikisema "Barafu", mnasema "Kwa wote". Tangawizi! (Hemani: "Juu!") Tangawizi! (Hemani: "Juu!") Barafu! (Juani, kwa pamoja: "Iko wabi!") Hapana, hapana, ni "kwa wote". Barafu! ("Iko wabi!") Barafu! ("IKO WABI!") Vizuri, mnachangamka, ila tutalifanyia kazi.

Yanabaki shukrani tu, na mimi si mtu wa kusahau wema. Nawashukuru wenye hema kwa hema. Namshukuru mwenye jenereta, ambayo imebeba maikrofoni hii kwa uhodari mkubwa, na isingeweza kubeba kingine chochote. Namshukuru ndugu Duale wa hotelini mjini kwa kutupa barafu yote aliyokuwa nayo, ile ndoo moja, na kitambaa cha meza, na bilauri ambayo anaihesabu. Kwa namna ya pekee kabisa namshukuru kijana wetu Hamze, muuza matangi ya maji, kwa kutuazima yale matangi matupu mawili tuliyoyapanga chini ya turubai hili ili tukio lipate umbo, na kumhakikishia kwamba atayapata kabla ya alasiri, kwa kuwa najua ana mteja anayemsubiri. Na nawashukuru nyote kwa kuja kuushuhudia mtambo wenu, ambao, inshallah, wazo lake likishapitishwa kwenye kikao, tutaanza kutafuta ni kikao kipi cha kulipeleka.

(Hakuna apigaye makofi, hata hemani. Abshiro apanda jukwaani. Aichukua ndoo ya barafu mezani, ateremka nayo, apita mtungi wake mwenyewe bila kuutazama, asimama kwa Deka. Wanawake wakunjua gunia, walilowesha kwa maji ya kunywa, wauzungushia mtungi wa Deka, na barafu yote yamiminwa katikati. Yatosha mtungi mmoja.)

Eeddo. (Amesahau kuzima maikrofoni.) Eeddo, hiyo ndoo ni ya watu.

(Abshiro airudisha ndoo mezani, tupu. "Chukua," asema. "Ya watu wewe umeshachukua.")

Ahsanteni sana. Mungu awabariki. Shuaib, twende, nimechelewa semina. Bilauri naibeba hivi hivi, tutamalizia njiani.

(Gari laondoka kwa vumbi. Linaondoka na kivuli.)